Kasi kwa Nani? Shajara ya Mradi wa Treni

Alhamisi, 3 Aprili 2025

Tumeanza. Lengo ni kwamba kufikia likizo ya Juni klabu yetu ya sayansi iwe na vipimo, video na sauti zake yenyewe za kufundishia mwendo linganishi (mwendo wa kitu kama anavyouona mtazamaji ambaye naye huenda anasogea) kidato cha tatu, vyote vimepatikana kwenye treni za hapa hapa Dar es Salaam.

Chanzo ni lile swali la mazoezi ambalo halizeeki. Treni A inatoka mji huu kwa kilomita 60 kwa saa, treni B inatoka mji ule kwa kilomita 80 kwa saa, zinaelekeana, zitakutana baada ya muda gani? Vijana wanalijibu vizuri tu. Wana kanuni wanayoiimba tangu shule ya msingi, "zikielekeana jumlisha, zikifuatana toa", na alama wanapata. Waulize hiyo 140 waliyoipata ni kasi ya kitu gani, darasa zima linatazama dirishani. Si kasi ya A, si kasi ya B. Ni ya nani basi?

Halafu kuna jambo linalonichekesha kila mwaka. Maswali haya yametungwa kwenye nchi ambako treni ya kwenda ina njia yake na ya kurudi ina yake. Reli yetu ya kisasa, SGR, kutoka Dar hadi Dodoma ni ya njia moja, na ile ya zamani ya upana wa mita moja ni hivyo hivyo. Treni zikielekeana, moja inaingizwa njia ya kupishania kwenye stesheni na kusimama mpaka mwenzake apite. Ukilichukua swali la kitabu kama lilivyo ukalipeleka kwenye reli zetu, jibu sahihi ni ajali.

Bahati yetu ni kwamba kutoka katikati ya jiji kuelekea Pugu reli ya zamani na SGR zinafuatana kwa sehemu kubwa. Upande mmoja kuna treni ya abiria wa mjini, ambayo tangu ianze mwaka 2012 watu wameiita treni ya Mwakyembe, jina la waziri wa wakati huo. Upande wa pili inapita SGR, inayotumia umeme, ilianza kubeba abiria Juni 2024 na inaruhusiwa kufika kilomita 160 kwa saa. Reli mbili, kasi mbili, na katikati barabara ya mtaa yenye watu na bodaboda. Maabara kama hiyo shule haiwezi kuinunua.

Vifaa: simu, futi kamba, kipimapembe, chupa ya maji, mpira wa tenisi, na timazi (uzi wenye risasi chini, wa kupimia wima) niliyoazima kwa fundi mwashi. Masharti: hakuna anayevuka uzio, hakuna anayekanyaga reli, hakuna anayetoa kichwa dirishani. Vipimo vyote vinafanyika ukiwa kwenye kiti, barabarani au juu ya daraja. Asiyekubali abaki shuleni aoshe vyombo vya maabara.

Alhamisi, 10 Aprili

Masika yametupa somo la kwanza bila kuombwa. Tulipanda treni ya Pugu jioni na mvua ikaanza tukiwa bado stesheni. Hapakuwa na upepo wa maana, matone yakishuka wima. Treni ilipochukua mwendo, matone yale yale yakaanza kutujia kwa mshazari, yakitokea upande tunaokwenda.

Binti mmoja akasema ni upepo wa mbele. Nikamwambia ashike kipimapembe, apime, tuone. Pembe ilikuwa kama nyuzi 50 kutoka kwenye wima. Mwenzake alikuwa akihesabu sekunde kati ya kibao cha kilomita na kinachofuata akapata 112. Gawanya 3,600 kwa 112 unapata kilomita 32 kwa saa, yaani mita 8.9 kwa sekunde. Kwa hiyo sisi tunakwenda mbele mita 8.9 kila sekunde, na tone linashuka kwa kasi tusiyoijua bado. Uwiano wa kasi yetu kwa kasi ya tone ndio tanjenti ya nyuzi 50, ambayo ni 1.19. Tone linatoka mita 7.5 kwa sekunde. Tone nene la mvua huanguka kwa kasi kati ya mita 6 na 9 kwa sekunde, kwa hiyo tumeingia mle mle.

Suala la upepo lilimalizika wakati wa kurudi. Treni ilielekea mjini na mshazari ukageuka: kama ungekuwa upepo, ungebaki ulikokuwa. Vilevile kijana tuliyemwacha Gongo la Mboto chini ya bati la duka alitupigia simu akisema kwake mvua ni wima kabisa, na anataka kujua tunarudi saa ngapi kwa sababu ameanza kulowa.

Hapo nikaandika kwenye daftari la klabu kanuni moja badala ya ule wimbo: *kasi ninayoiona ni kasi ya kitu kwa ardhi, toa kasi yangu mimi kwa ardhi*. Mwelekeo unabebwa na alama, mbele chanya, nyuma hasi. Kujumlisha na kutoa vyote vimo humo. Treni inayonijia ina alama hasi, ukitoa yangu inazidi kuwa hasi, ndiyo "jumlisha" yao. Hata mvua imo, ila hapo hatutoi namba tupu, tunatoa mishale, yaani kasi pamoja na mwelekeo wake.

Alhamisi, 24 Aprili

Leo ndiyo siku niliyoisubiri. Tulitaka kuiona treni moja ya SGR kwa macho mawili: ya mtu aliyesimama na ya mtu aliye kwenye treni nyingine.

Kundi la kwanza lilikaa barabarani, nje ya uzio, watu wawili wenye simu zilizolinganishwa saa, mita 150 kati yao kwa futi kamba. Ikaja ile treni ya SGR yenye pua iliyochongoka, wanayoiita mchongoko. Pua yake ilimpita wa kwanza, na sekunde 6.8 baadaye ikampita wa pili. Mita 22 kwa sekunde na ushei, kama kilomita 80 kwa saa, maana ndani ya jiji haikimbii. Mkia ulimpita yule wa kwanza sekunde 9 tangu pua impite. Zidisha: treni ina urefu wa karibu mita 200. Sikuwaruhusu kuandika 199.6 wala kitu cha namna hiyo. Kidole kikichelewa sehemu mbili za kumi za sekunde, urefu unabadilika kwa mita nne, na kidole cha binadamu huchelewa.

Kundi la pili lilikuwa kwenye treni ya Pugu, likienda kilomita 32 kwa saa kama kawaida yake. Mchongoko mmoja uliwajia kutoka mbele. Kabla haujafika walikuwa wameshakisia kwa hesabu: mita 200, gawanya kwa 22 na 9 pamoja, unapata sekunde 6 na nusu. Video inasema 6.4. Mwingine uliwapita kutoka nyuma, ukielekea nao Pugu. Kisio: 200 gawanya kwa 13, sekunde 15. Video inasema 16, na nadhani ule wa pili ulikwenda polepole kidogo kuliko tulivyodhani, au dereva wetu alikuwa ameongeza mwendo. Kwa vyovyote tofauti ya 6 na 16 haihitaji saa. Aliyekuwa dirishani aliiona: ule wa kwanza ulikuwa ukungu wa madirisha, wa pili aliweza kusoma maandishi ubavuni na kumpungia mkono mtoto.

Ubishi ulianza kwenye urefu. Kijana mmoja alisisitiza kwamba tumesahau kujumlisha urefu wa treni yetu. Kitabu chake kinasema treni zikipishana unajumlisha urefu wa zote mbili. Kitabu kiko sawa, ila kinajibu swali lingine. Kinauliza tangu pua zikutane hadi mikia iachane. Sisi tumepima kutoka dirisha moja, na dirisha halina urefu wa kutosha kusumbua hesabu. Nilimwacha abishane na wenzake dakika kumi nzima, kwa sababu ubishi wa namna hiyo una faida kuliko mimi kusema.

Halafu likaja swali lenyewe, lililotoka kwa binti ambaye kwa kawaida hazungumzi: "Mwalimu, walioko barabarani wanasema mchongoko unakwenda 80. Sisi tuliokutana nao tumepata 112. Waliopitwa wamepata 48. Sasa dereva wake anakwenda ngapi?"

Wote wakanitazama mimi. Nikawauliza dereva amekaa wapi. Kwenye kiti chake. Kwa kiti chake anakwenda ngapi? Sifuri. Basi ongezeni sifuri kwenye orodha, mtuambie ipi ni ya uongo. Hawakuipata. Namba nne, treni moja, na kila moja inakuwa kweli pale tu unapotaja umesimama wapi. Ile 80 tunaipenda kwa sababu ardhi ni ya wote na polisi wa usalama barabarani amesimama juu yake. Haina heshima nyingine zaidi ya hiyo.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano, safari ya Morogoro kwa SGR. Daraja la kawaida ni shilingi 13,000 kwenda, hivyo si wote walioweza kuja. Waliokuja wamepewa kazi ya kurekodi kwa ajili ya waliobaki.

Timazi tuliifunga kwenye kichanja cha mizigo, uzi sentimita 40. Treni ilipoondoka risasi ya timazi ilirudi nyuma kama sentimita 2. Kwa pembe ndogo hesabu ni nyepesi: 2 gawanya kwa 40, zidisha kwa 9.8, mchapuko, yaani jinsi kasi inavyoongezeka, ni karibu nusu mita kwa sekunde kila sekunde. Maji ya chupani yaliinamia nyuma vilevile, ingawa kupima nyuzi tatu kwenye chupa ya plastiki ni kujitafutia maradhi ya macho. Kadiri kasi ilivyopanda timazi ilirudi katikati polepole, kwa sababu treni haichapuki sawasawa mwendo wote, na tulipofika mwendo wake wa juu risasi ikaning'inia wima kabisa. Vibao vya kilomita vilikuwa vinapita kila sekunde 22 na nusu, maana yake 160 kwa saa, na timazi ya fundi inasema tumesimama.

Mpira ulitoa jibu lile lile. Ukiuachia kutoka kimo cha mita 1.25 unachukua nusu sekunde kufika chini. Katika nusu sekunde hiyo treni imekwenda mita 22. Ukaangukia kwenye ncha ya kiatu, pale pale ulipolengwa. Galileo alilieleza hili mwaka 1632 kwa kumfungia mtu kwenye chumba cha chini cha meli: ikiwa meli inakwenda sawasawa bila kuyumba, hakuna jaribio humo ndani litakalomwambia kama inakwenda au imetia nanga.

Lakini zawadi ya siku tuliipata wakati wa kurudi, kwenye njia ya kupishania. Treni yetu imesimama, treni nyingine imesimama ubavuni. Ghafla nusu ya behewa ikasema "tumeondoka". Abiria mmoja mtu mzima akaanza kufunga begi lake vizuri. Nje ya dirisha mabehewa ya jirani yalikuwa yanarudi nyuma taratibu na kila aliyekuwa akiyatazama alikuwa na hakika mwili wake unasogea. Yule binti mkimya hakutazama dirishani. Alitazama timazi. "Imetulia wima," akasema. "Anayeondoka ni yeye."

Nimeandika maneno yake kwa wino mwekundu, kwa sababu hapo ndipo mradi wote ulipo. Kuhusu kasi, dirisha halikudanganya: sisi kwa wao tulikuwa tunasogea, na wao kwa sisi pia, na hakuna wa kuamua. Kuhusu mchapuko kuna mwamuzi. Anayeanza kuondoka timazi yake inainama, aliyebaki timazi yake haijui lolote. Sikio la ndani nalo linafanya kazi ya timazi, linahisi kuongezeka na kupungua kwa mwendo, halihisi mwendo wenyewe. Mtu anapohisi anasogea kumbe hasogei, macho yamemshinda sikio. Kama unakaa Dar unalijua hili kutoka kwenye daladala kwenye foleni, basi la jirani likisogea unakanyaga breki isiyokuwepo.

Hili kwenye maswali ya mitihani sijawahi kuliona likiulizwa, na ni uzembe wa watunzi.

Alhamisi, 15 Mei

Sauti. SGR imewekewa uzio na barabara zinapita juu au chini yake, kwa hiyo honi tumeifuata kwenye reli ya zamani, pale inapokatana na barabara na dereva analazimika kupiga honi. Mmoja alisimama kando na simu yenye programu ya kuchora masafa ya sauti, mwingine alikuwa ndani ya treni na simu kama hiyo.

Aliye nje: honi inapokuja hezi 392, inapoondoka hezi 366. Kila mtu anaijua ile sauti inavyoshuka treni inapokupita, ila wengi wanadhani ni umbali unaoipunguza. Umbali unapunguza ukubwa wa sauti, hauteremshi noti. Aliye ndani: hezi 379, mwanzo mpaka mwisho, haipandi wala kushuka.

Uwiano wa 392 kwa 366 ni 1.071. Toa moja, gawanya kwa uwiano ukiongeza moja, zidisha kwa kasi ya sauti, ambayo kwenye joto la nyuzi 30 ni kama mita 349 kwa sekunde. Mita 12 kwa sekunde, kilomita 43 kwa saa. Simu ya aliyekuwa ndani iliandika 42 kwa GPS. Mbinu mbili zisizojuana zimekubaliana, na nilifurahi kuliko nilivyoonyesha mbele ya wanafunzi.

Niliwasimulia Buys Ballot wa Uholanzi. Mwaka 1842 mwanafizikia Christian Doppler alikuwa ameandika kwamba noti ya chanzo kinachosogea inabadilika kwa msikilizaji, na Buys Ballot akataka kuhakikisha. Juni 1845, kwenye reli ya Utrecht, akawapandisha wapiga tarumbeta juu ya treni na kuwapanga kando ya njia wanamuziki wenye masikio ya kutambua noti. Hakuwa na simu. Alikuwa na masikio ya watu, na yalitosha.

Alhamisi, 5 Juni

Kikao cha mwisho kabla ya likizo, hakuna treni, maswali tu. Kijana aliyebishania urefu ameuliza kama aliyelala nyumbani naye anakwenda. Anakwenda. Dunia inajizungusha, na kwenye latitudo yetu inatubeba kuelekea mashariki kwa karibu kilomita 1,660 kwa saa. SGR ya kwenda Dodoma inaelekea magharibi. Kwa hiyo kwa mtazamaji aliye kwenye kitovu cha dunia na asiyezunguka nayo, treni yenye kasi ya 160 inapotoka Dar bado inakwenda mashariki, kwa kilomita 1,500 kwa saa. Inayokimbia hasa ni ile ya kurudi, 1,820.

Na hapa timazi ina neno tena, kwa sababu kuzunguka nako ni mchapuko. Anayekwenda magharibi anazunguka polepole kidogo, na mizani ingemwona mzito zaidi: kwa mtu wa kilo 70 ndani ya SGR ni gramu 45 hivi. Akirudi mashariki anapungua kiasi hicho hicho. Mtikisiko wa behewa unameza gramu hizo zote, hivyo msije na mizani ya jikoni. Lakini wapimaji wa nguvu ya mvutano wanaofanya kazi melini wanalazimika kusahihisha vipimo vyao kwa sababu hiyo, na sahihisho hilo lina jina la Eötvös wa Hungaria.

GPS ya simu inasema sifuri ukikaa kitandani, ilhali setilaiti inazozisikiliza zinakwenda karibu kilomita 4 kila sekunde. Sifuri hiyo ni uamuzi wa wahandisi: wamemchagua mtazamaji wako kwa niaba yako, aliye juu ya ardhi. Wangeweza kuchagua mwingine.

Swali la taa ya mbele ya treni nilijua litakuja. Mwanga unaotoka kwenye treni ya 160, je, una kasi yake kujumlisha 160? Hauna. Mita 299,792,458 kwa sekunde kwa aliye kwenye treni na kwa aliye barabarani. Tangu Einstein mwaka 1905 tunajua kwamba kujumlisha kasi kama tulivyofanya ni makadirio, ya karibu mno kwa treni. Treni mbili za 160 zikielekeana hazionani kwa 320 kamili, kuna upungufu wa kama nanomita 7 kwa saa. Yule mbishi akauliza kama kwenye mtihani aitoe. Nikamwambia asijaribu.

Hali ya mradi: video za 24 Aprili zimekatwa na kuwekewa namba, sauti za honi zimepangwa kwa jozi, video ya timazi kwenye njia ya kupishania ina mwanga mdogo lakini inaonekana. Swali la treni A na B limeandikwa upya, sasa A ni ya Pugu, B ni mchongoko, na kipengele cha mwisho kinauliza timazi ya nani itainama. Kilichobaki ni honi ya SGR ikiwa na kasi kubwa. Tumemwandikia mkuu wa stesheni kuomba watu wawili wasimame jukwaani na simu mwezi Julai. Jibu halijafika.